Majina ya Wapagazi Yanarudi, Mishahara Yao Je?

Januari 2025 mjini Cape Town, Afrika Kusini, ulizinduliwa mnara wenye majina ya wanaume weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia wakifanya kazi za kubeba, kuchimba na kusukuma, bila bunduki mkononi. Nchini Kenya nako, kumbukumbu za zamani za jeshi zilitoa majina zaidi ya 3,000 ya watu wa Afrika Mashariki waliokufa katika vita vyote viwili na ambao hawakuwa wameandikwa popote. Haya yote yanatokana na ripoti ya Aprili 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Tangu hapo kila jina linalopatikana hupokewa magazetini na redioni kwa namna ileile: wazee wetu wamepewa heshima iliyochelewa, na jeraha limeanza kufunga.

Nafurahi kuona majina hayo. Ila naamini tunakosea tunapolitazama jambo hili kama suala la heshima peke yake. Mwaka 1918 jina la mpagazi lilikuwa na kazi nyingine kabla ya kufaa kuchongwa kwenye jiwe. Lilikuwa hati ya madai. Mtu aliyelihitaji alikuwa hai, yuko nyumbani, ana watoto, na ana kibanda kinachodaiwa kodi. Mtu huyo ni mjane wake. Dola iliyoshindwa kuandika jina la mumewe, au iliyoliandika kisha ikalifungia, ndiyo iliyobaki na mshahara wake. Kusahauliwa kwa wapagazi na kutolipwa kwa wajane wao ni kitendo kimoja, na tukikubali kurudishiwa majina huku tukinyamaza kuhusu fedha, tutakuwa tumesaidia kukigawa vipande viwili na kukisamehe kipande kizito zaidi.

Tuanze na vita vyenyewe. Vilipoanza Agosti 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani katika eneo hili, wakubwa wa pande zote mbili waligundua mapema kwamba hapa farasi na ng'ombe wanakufa kwa mbung'o, barabara hazipo, na reli zinaishia mbali na mapigano. Kilichobaki ni kichwa na bega la mwanadamu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, jina ambalo midomo ya watu wetu ililigeuza kuwa Kariakoo huku Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Hadi Jenerali von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wajerumani, aliposalimu amri Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, upande wa Waingereza ulikuwa umetumia wapagazi wanaokaribia au kupita milioni moja, kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo), Rhodesia, Kongo, Msumbiji na hata Afrika Magharibi. Waliokufa si chini ya 95,000. Wajerumani nao waliwakamata watu vijijini na kuwabebesha mizigo, wengi bila malipo yoyote, na hesabu ya hao ni ngumu zaidi kuipata.

Wengi wa waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Mtu aliyelelewa kwa ndizi au wimbi alipewa unga wa mahindi ambao haukuiva vizuri, akanyeshewa, akalala kwenye tope, akaamka kubeba tena. Mwaka 1917 ndio ulikuwa mbaya kuliko yote. Mwanzoni mwa mwaka huo John Ainsworth, aliyekuwa ofisa mkuu wa jimbo la Nyanza, magharibi mwa Kenya, alipewa kazi ya kusimamia ukusanyaji mkubwa wa watu, na kwa miezi michache machifu waliwatoa wanaume kwa maelfu mengi. Nitamrudia Ainsworth baadaye, kwa sababu sahihi yake inaonekana tena mahali ambapo wengi hawaitazami.

Sasa mshahara. Mwanzoni mwa vita mpagazi aliahidiwa rupia 10 au zaidi kwa mwezi. Kuanzia 1915 mpagazi mpya alianza kwa rupia 5. Rupia moja ilikuwa shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza, hivyo rupia 5 zilikuwa shilingi 6 na peni 8. Katika mwaka uleule wa 1917, mjane wa askari wa kawaida Uingereza alikuwa na haki ya pensheni ya shilingi 13 na peni 9 kwa wiki, mbali na posho za watoto. Kwa maneno mengine, alichopata mjane wa Kiingereza kwa wiki moja kilizidi mara mbili ya kile alichopata mpagazi aliye hai, akiwa na mzigo kichwani, kwa mwezi mzima. Mjane wa mpagazi mwenyewe hakuwekewa pensheni yoyote. Sitaki kumfanya mjane wa Kiingereza aonekane mtu wa kupeperushwa na upepo mwema, maana naye alichunguzwa mwenendo wake na kamati zilizoweza kumfutia pensheni akidaiwa kuishi na mwanamume au kulewa. Lakini hata uchunguzi huo wa kumdhalilisha unaonyesha kitu: dola ilijua anakaa wapi, inamwita nani, na inamdai nini. Alikuwa ndani ya daftari.

Yule wa kwetu hakuwa ndani ya daftari, na namna ya kulipa wapagazi ndiyo iliyomtoa. Sehemu kubwa ya mshahara ililimbikizwa na kulipwa mtu anapomaliza mkataba na kurudishwa kwao. Aliyerudi alipokea. Aliyefia njiani fedha zake zilibaki mikononi mwa jeshi zikisubiri mdai. Na mdai angetoka wapi? Mwanamke wa kijijini hakuletewa barua. Mara nyingi habari aliyoipata ni ile iliyoletwa na mtu aliyerudi, kwamba fulani nilimwacha hospitali ya Morogoro, au kwamba alikaa chini kando ya njia ya kwenda Mahenge na hatukumwona tena. Kwa habari kama hiyo mtu hawezi kwenda bomani kudai rupia, na hata angekwenda, angemkuta chifu yuleyule aliyemtoa mumewe.

Katika ukoo wetu kuna mtu mmoja ambaye kila alipotajwa palifuata maneno mawili tu: "alikwenda Keriako." Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba hapakuwa mahali pa kwenda na kurudi, na kwamba mke wake, aliyeishi miaka mingi baada ya hapo, hakuwahi kuambiwa rasmi kuwa ni mjane.

Hapo ndipo jamii ilipolazimika kufanya kazi ambayo dola ilikataa kuifanya, yaani kutangaza kifo. Watu wa Nyanza, waliotoa wapagazi kwa wingi kupita kiasi, walikuwa na njia yao tangu zamani. Kwa Wajaluo, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, ukoo huzika tunda la yago, lile tunda refu zito la mti ambao Waswahili huuita mwegea, mahali pa mwili wake. Wageni waliiona kama imani ya ajabu. Mimi naiona kama cheti cha kifo. Kabla ya kuzikwa tunda, mwanamke ni mke wa mtu asiyeonekana, wala ukoo haujui umhesabu vipi. Baada ya kuzikwa, maombolezo yana mwanzo na mwisho, na mjane ana nafasi inayojulikana katika boma, anaweza kurithiwa au kukaa na wanawe, na ardhi ya marehemu inajulikana ni ya nani. Pwani, kwa Waislamu, swali lilikuwa lilelile kwa sura nyingine. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, lakini huanza kuhesabiwa kwa kifo kilichothibitika. Mke wa aliyepotea, bila shahidi wala hukumu ya kadhi, hakai eda wala haolewi, na mirathi haigawanywi. Jeshi lililokuwa na orodha ya wafu na lisiipeleke vijijini liliwafungia wanawake hawa kwenye chumba cha kungojea kisichokuwa na mlango.

Nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu ni rahisi kuandika kana kwamba dola ilikosea na jamii ikapatia. Kurithiwa kulimpa mjane nyumba, jembe na mtu wa kumsemea barazani, na kwa wengi ndiko kulikowaokoa. Kwa wengine kulikuwa kupelekwa kwa shemeji wasiyemtaka, ambaye alikuwa na wake wengine na njaa yake mwenyewe. Na mila ile ilijengwa kwa hesabu ya kawaida ya vifo: anakufa mmoja, ndugu zake watano wapo. Haikujengwa kwa mwaka ambao chifu anatoa kaka, mdogo wake na binamu kwa mkupuo mmoja. Vijiji vilivyopoteza wanaume wa rika zima vilikuwa na wajane wengi na warithi wachache. Ongeza mafua makali ya 1918 na njaa. Ugogo, katikati ya Tanganyika, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume, mvua zikakosekana, na kati ya 1917 na 1920 ikaja njaa ambayo Wagogo wenyewe waliiita Mtunya. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Katika njaa ya namna hiyo wa kwanza kukosa mtu wa kumtetea ghalani ni mwanamke asiye na mume. Kusema jamii iliwatunza wajane ni kweli, lakini ni kweli ya mtu aliyetwishwa mzigo wa mwingine bila kuulizwa kama ana nguvu.

Hii inanifikisha kwenye hoja za wanaodhani madai ya mishahara hayana maana. Zipo kadhaa, na hazina uzito sawa.

Hoja nzito kuliko zote hutoka kwetu wenyewe, na naiheshimu. Inasema: hii haikuwa vita yetu. Wazungu wawili waligombania mashamba waliyoyaiba, wakatulazimisha tuwabebee. Kwa nini tung'ang'anie kuandikwa kwenye minara yao, na kwa nini tupige magoti kuomba senti? Mwenye hoja hii anahofia kwamba kwa kudai sehemu katika kumbukumbu ya dola ile tunaihalalisha. Nakubaliana naye kuhusu minara. Tazama Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927. Maandishi yake yanawakumbuka askari, na wapagazi walioitwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwambia marehemu kwamba akifa kwa ajili ya nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Kwa Kiingereza ni wana wa kiume ndio waliotajwa. Mke hayumo katika sentensi hiyo. Na wakati maneno hayo yanachongwa, majina yenyewe hayakuchongwa popote. Ofisa mmoja wa makaburi alipendekeza kwamba makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe haraka yarudi kuwa pori. Sanamu za namna hiyo sitamwomba mtu anijengee. Lakini mshahara si sifa. Mtu aliyelazimishwa kufanya kazi ana haki zaidi ya malipo, si pungufu, na anayedai malipo ya aliyelazimishwa hamtukuzi aliyemlazimisha. Hoja hii, ukiifuata hadi mwisho, inatutoa kwenye minara na kutupeleka moja kwa moja kwenye daftari la malipo.

Ya pili ni ya wakati. Miaka zaidi ya mia imepita, wajane wote wamekufa, watoto wao pia. Nani alipwe? Hii ni hoja ya kweli na haijibiwi kwa hasira. Lakini tuone jinsi muda ulivyotumika. Mwaka 1929 Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alifika Berlin na kudai mishahara ambayo jeshi la Wajerumani lilikuwa halijamlipa yeye na marehemu baba yake, askari wote wawili. Alijibiwa kwamba amechelewa, muda wa kudai umepita. Ilikuwa miaka 11 tu tangu vita viishe. Alibaki huko, na mwaka 1944 alifia katika Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi. Miaka 20 baada ya kifo chake, serikali ya Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wakongwe waliokuwa bado hai. Kwa hiyo muda ule ambao mwaka 1929 ulikuwa umepita, mwaka 1964 ulikuwa haujapita. Uingereza nayo Juni 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, baada ya mafaili yaliyofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, kutoka hadharani. Matukio haya mawili yanafundisha kitu kilekile: dola hulipa deni la kale pale karatasi zinapoonekana na mdai akawa hai kusimama mbele yake. Mjane wa mpagazi alishindwa kwa vyote viwili. Karatasi zilikuwa kwao, na uhai wake ulikwisha akiwa anangoja. Ukisema sasa hakuna wa kulipwa, unampa tuzo aliyechelewesha.

Kisha kuna hoja mbili ambazo ndizo zilizotumika zamani na bado zinarudiwa na watu wenye nia njema. Moja inasema wajane wa Kiafrika walitunzwa na mila, hivyo mfumo wa malipo kwa familia usingefaa. Nimeshasema mila ilibeba nini na ilishindwa wapi. Naongeza jambo moja tu. Rupia za marehemu hazikuwa msaada wa kumtunza mjane, ambao unaweza kusema tayari ameupata kwingine. Zilikuwa mali ya marehemu, alizozitolea jasho. Kwa mila zote ninazozijua za eneo hili, na kwa sheria ya Kiislamu vilevile, mali ya marehemu ina warithi wanaojulikana. Aliyeshika mali hiyo kwa kisingizio kwamba warithi wana shemeji mwema hakuwa akiheshimu mila, alikuwa akiivunja.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo iliyoshinda. Ni ile ya kwamba warithi hawakuweza kupatikana: majina yanafanana, vijiji havijulikani, mtu aliandikishwa kwa jina la baba au la chifu au la siku aliyozaliwa. Ni kweli majina yaliandikwa vibaya. Lakini wapagazi walipewa namba, walivalishwa visahani vya chuma vyenye namba hizo, na kumbukumbu zao ziliwekwa Nairobi chini ya Oscar Watkins, mkuu wa kikosi, ofisa aliyehangaika kuliko wengi kuhusu maslahi yao. Walichukuliwa wilaya kwa wilaya, chifu kwa chifu. Chifu aliyejua amtoe nani alijua pia ametoka nyumba gani. Na tazama dola hiyohiyo ilifanya nini mara tu baada ya vita. Sheria ya kipande iliyopitishwa 1915 ilianza kutekelezwa 1919 na 1920: kila mwanamume Mwafrika mtu mzima nchini Kenya aliandikishwa, akachukuliwa alama za vidole, akafungiwa shingoni kijisanduku chenye karatasi inayosema ni nani, ametoka wapi, anafanya kazi kwa nani. Serikali iliyoweza kumfuatilia kila mwanamume aliye hai ili asitoroke shamba la mzungu haikuwa serikali isiyoweza kutafuta. Ilitafuta ilichokitaka.

Hata wanawake iliwapata ilipowataka. Oktoba 1919 ulitoka waraka wa kazi wa Northey, gavana wa Kiingereza nchini Kenya, ukiwataka maofisa na machifu wahimize watu kutoka kwenda kufanya kazi mashambani, na ukitaja waziwazi kwamba palipo na mashamba karibu, wanawake na watoto nao wahimizwe. Waraka huo ulitolewa kwa sahihi ya John Ainsworth, yule aliyesimamia ukusanyaji wa 1917. Miaka miwili tu ilikuwa imepita kati ya ukusanyaji ule na waraka huu. Kodi ya nyumba, iliyotozwa kwa kibanda na si kwa mtu, iliendelea kudaiwa kwa kibanda cha mjane pia, na mwaka 1920 ikapandishwa. Mwaka huohuo wa 1919 mpango wa kuwagawia ardhi askari wa Kizungu waliotoka vitani ulikuwa unaendelea, na sehemu ya ardhi hiyo ilimegwa kutoka kwa Wanandi, watu ambao wenyewe walikuwa wametoa askari na wapagazi. Harry Thuku, mwanasiasa wa Kenya aliyepinga ukoloni, alipoanza kulalamika hadharani mwaka 1921, kazi ya kulazimishwa kwa wanawake na wasichana ilikuwa miongoni mwa malalamiko yake makubwa, na tarehe 16 Machi 1922, umati ulipokusanyika Nairobi kutaka aachiliwe, aliyewasukuma wanaume wasonge mbele alikuwa mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru, akauawa kwa risasi. Sidai kwamba alikuwa mjane wa vita. Nasema kwamba hasira ile ya wanawake ina chanzo katika miaka hii, na tukiisoma bila vita tunaisoma nusu.

Na fedha? Katika miaka ya 1920 barua zilipishana kati ya Nairobi na London kuhusu mishahara ya wafu ambayo haikudaiwa. Wapo maofisa wa huku walioona aibu, wakapendekeza kwamba kama warithi hawapatikani basi fedha zitumike kwa manufaa ya Waafrika kwa jumla. London haikukubali. Kwa hiyo hata ile njia ya pili, ya kulipa jamii badala ya mtu, ilikuwa mezani karibu miaka mia iliyopita na ikakataliwa. Hilo ni muhimu kwa mjadala wa leo, maana wapo wanaodhani wazo la kulipa jamii ni madai mapya yaliyobuniwa na wanaharakati wa kizazi hiki. Lilitoka kwenye meza za serikali ya kikoloni yenyewe.

Ndiyo maana sioni sababu ya mazungumzo ya sasa kuishia kwenye mawe. Tume ya Makaburi inafanya kazi iliyo ndani ya mamlaka yake, nayo ni kukumbuka wafu. Haina mamlaka ya mishahara na si haki kuilaumu kwa hilo. Wenye mamlaka ni serikali ya Uingereza, na wenye wajibu wa kuiuliza ni serikali zetu za Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Lilongwe. Kila orodha inayopatikana ichapishwe pamoja na kila kilichoandikwa kando ya jina: namba, wilaya, chifu, tarehe ya kifo, na salio la mshahara pale lilipoandikwa. Historia ya familia haiwezi kujengwa kwa jina tupu, lakini kwa jina lenye wilaya na chifu, mzee wa ukoo anaweza kuonyesha kidole boma. Jumla ya fedha zilizobaki ijulikane na ielezwe ilikwenda wapi. Na kama zitalipwa kwa jamii, njia iliyopendekezwa tangu wakati ule, zielekezwe kwenye wilaya zilizotoa watu, na wanawake wawe na sauti ya kwanza juu yake. Nasisitiza hilo kwa sababu najua jinsi fidia ya pamoja inavyokwenda: hukusanywa kwa jina la wajane, hujenga ofisi ya wazee.

Lakini serikali zetu zitauliza kwa sauti dhaifu iwapo zenyewe zinarudia kosa. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya jeshi la Kenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa na askari wengi wakauawa. Idadi kamili haikutangazwa rasmi, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiusalama. Naelewa kwa nini jeshi halitaki kumpa adui takwimu katikati ya mapambano. Nisichokielewa ni kwa nini usiri huo uendelee miaka baada ya miaka, wakati gharama yake inabebwa na wanawake walioachwa. Mjane wa mtu aliyekufa katika tukio lisilo na hesabu hudai stahiki zake peke yake, ofisi kwa ofisi, bila kuweza kujilinganisha na wenzake wala kujua kama alichopewa ndicho alichostahili. Linganisha na Desemba 2017, askari wa Tanzania wasiopungua 14 walipouawa katika shambulio la Semuliki, mashariki mwa Kongo, wakiwa chini ya Umoja wa Mataifa. Walihesabiwa, walitajwa, miili ikarudishwa na kuagwa hadharani, na fidia ya kifo katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa ina kiwango kilichoandikwa na kinachojulikana. Haimaanishi kwamba kila kitu kilikwenda sawa nyumbani kwa kila mmoja wao. Ndugu wa mume na mjane hugombana hata juu ya fedha iliyotangazwa. Ila mjane anaingia kwenye ugomvi huo akiwa na tarehe, jina na kiwango mkononi, na mahakama au kadhi ana mahali pa kuanzia.

Kuna jambo moja dogo ningependa lifanyike hata kabla ya hayo makubwa. Majina zaidi ya 3,000 yaliyopatikana Kenya, na mengine yatakayofuata, yasomwe kwa redio za lugha za nyumbani, kwa Kijaluo, Kikamba, Kiluhya, Kikuyu, Kinandi, Kigiriama, wilaya kwa wilaya, jioni ambapo watu wako nyumbani. Bado wapo wazee waliolelewa na mabibi waliokuwa wakingoja. Katika familia yetu hakuna aliyewahi kuzika tunda wala kuhesabu eda kwa ajili ya yule aliyekwenda Keriako, kwa kuwa hakuna aliyejua aanze kuhesabu siku gani. Tarehe hiyo, kama iliandikwa, ipo kwenye karatasi mahali fulani.